Mji wa Mama Anita Usio na Bahari

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuchorea bahari mji usio na bahari. Nilikuwa darasa la sita hapa Msambweni, na mwalimu alitaka kila mmoja wetu achore ramani ya mji na kueleza watu wake. Ramani bora ingebandikwa ukutani siku ya wazazi. Wenzangu walichagua Ukunda na Kwale. Mimi nikachagua Hariganj, mji mdogo wa India alikozaliwa jirani yetu Mama Anita, mke wa fundi wa mitambo. Alasiri nzima nilikaa kibarazani kwake, harufu ya bizari nyembamba ikinijaa puani, yeye akisimulia kwa Kiswahili na, akinogewa, kwa Kihindi. Sisi wa pwani tukielekeza njia husema upande wa baharini au upande wa bara. Basi nikaanza na bahari, maana sikujua mtu aanze na nini kingine.

"Bahari umeitoa wapi, beta?" Alicheka mpaka akashika mbavu. Beta ni mwanangu, kwa lugha yao.

"Sasa huko watu wanajuaje njia?"

"Kuna mto. Upande wa juu wa mto wanakaa wenye maduka ya vitambaa. Upande wa chini ni wafinyanzi na madobi, ndiko kwetu. Wa juu wakitaka kututusi husema tunanuka tope. Usisahau kichochoro chetu. Nitakuja shuleni kukiona."

Mimi ni mtu ambaye mstari ukipinda kidogo hapati usingizi. Niliifuta bahari hadi karatasi ikakaribia kutoboka, kisha nikachora vichochoro vya chini ya mto kimoja kimoja, na tanuri za vyungu, na kamba za nguo, na nyumba ya kina Mama Anita yenye mlango wa buluu.

Mwalimu aliisifu, halafu akagonga kidole pale chini ya mto. "Hapa pamesongamana. Futa, uache maduka na barabara kuu, niibandike."

Kifutio kilikuwa mkononi. Nilipenda sifa kuliko chakula. Lakini nikasikia sauti yangu, inatetemeka: "Hapana, mwalimu. Hapo ndipo wanapokaa watu."

"Leo utakiona, Mhindi wewe!" mtu akanong'ona nyuma yangu.

Ukutani ikabandikwa ramani ya Ukunda. Siku ya wazazi Mama Anita alikuja, akaangaza macho ukuta mzima, asiuone mji wake. Nikaitoa ramani mkobani, nikasimama mbele ya ukuta ule ule, mwalimu akinitazama, nikaiinua kwa mikono miwili mpaka mabega yakauma. Mama Anita aliweka kidole kwenye mlango wa buluu, akakiacha hapo.

Leo, mtu mzima, nachora ramani za kuwaongoza wageni wa Diani, kazi niliyojifunza mwenyewe. Wenye hoteli huniambia niviondoe vijiji vilivyo nyuma ya kuta zao. Nakataa, na kazi nyingine hunipita. Sauti bado hutetemeka. Kilichobadilika ni kimoja: siku hizi vichochoro navichora kwanza, tena kwa wino.