Usicheke na Kamba Nyekundu

Jina lake la kuzaliwa linajulikana na benki tu. Sisi wengine tunamwita Usicheke, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili amemwambia neno hilo kila aliyeketi kwenye kigoda chake cha kuzunguka, mbele ya shuka jeupe. Picha ya pasipoti haitaki meno. Yeye mwenyewe hacheki sana, ila ukimjua utaona kwamba anacheka kwa pua.

Mimi kazi yangu ni mkasi. Yeye anapiga, mashine inatoa, mimi nakata. Nimekata nyuso za mji huu mpaka nikikutana na mtu njiani namwona yuko wanne wanne. Studio ni chumba kimoja, kati ya duka la viatu na fundi saa. Kuna kioo, na kitana kilichofungwa kwa uzi kwenye msumari, maana vitana vitatu vya kwanza viliondoka na wateja. Ukutani ungetarajia kuona maharusi. Hakuna hata mmoja. Kuna boti tu, boti zimeruka juu ya mawimbi, chini yake mtu angeweza kupita ameinama.

Hayo ndiyo mapenzi yake. Msimu wa mashindano ukifika, Jumapili tunafunga studio na kwenda ufukwe ulio nyuma ya kiwanda cha mbao. Zile ni boti za mpira za kujazwa upepo, fupi, zenye injini kubwa kuliko akili za wanaoziendesha. Kila moja ina watu wawili. Dereva anapiga magoti nyuma, mkono kwenye injini. Mwenzake analala kifudifudi mbele, kashika kamba mbili, na uzito wake ndio unaoizuia pua ya boti isipae ikapinduka. Wanayakabili mawimbi yanayovunjika, wanazunguka maboya, wanarudi. Anayelala mbele hamwoni dereva hata kidogo. Kilichopo nyuma yake anakichukua kwa imani.

Wapiga picha wengine husimama mchangani na viatu vyao. Usicheke huingia majini mpaka kiunoni, kamera kaivisha mfuko wa plastiki na kuukaza kwa raba. Anasema anayebonyeza boti ikiwa hewani amekwisha chelewa. Ubonyeze pua inapogusa mguu wa wimbi, halafu uombe Mungu. Mimi husimama nyuma yake, maji magotini, na taulo shingoni. Kazi yangu huko ni kupiga kelele "Wimbi!" likija kubwa. Sijui kuogelea, na nimeshamwambia mara nyingi kwamba siku akichukuliwa nitaokoa kamera.

Boti aliyoipiga kuliko zote ni ya mdogo wake. Huyo tunamwita Fundi, anatengeneza injini za boti, na hakuna injini iliyomkatalia. Mama yao alifariki Fundi akiwa darasa la pili, na Usicheke ndiye aliyemlea, akimpigia pasi sare na kumvuta masikio. Mpaka leo akimwona kola imepinda, anainyoosha mbele za watu. Na aliyelala mbele ya boti hiyo ni binti wa Usicheke, wa pekee, miaka ishirini na mitatu, mwepesi hivi kwamba mjomba wake alimbatiza Karatasi. Mjomba na mpwa walikuwa chanda na pete. Nilikuwa nikimuuliza Usicheke kama haogopi, ananijibu, "Nani mwingine nimpe mwanangu? Yuko na mjomba wake."

Sasa niieleze ile kamba, maana bila hiyo hakuna hadithi. Ni nyekundu, imejisokota kama waya wa simu za zamani. Upande mmoja unachomekwa kwenye swichi ya injini, upande wa pili unafungwa kwenye kifundo cha mkono wa dereva. Dereva akirushwa majini, kamba inachomoka, injini inazima. Isipofungwa, dereva akianguka boti inabaki peke yake, inazunguka kwa kasi ileile, na pangaboi linalokata maji chini yake halijui ndugu wala mpwa.

Msimu uliotangulia, Fundi alikuwa anaongoza raundi ya mwisho. Wimbi likampiga, kamba ikachomoka wakati yeye mwenyewe hajaanguka, injini ikazima palepale, wakapitwa na boti tatu. Kombe likaenda kwa wengine. Alilia kama mtoto, na aliitukana ile kamba wiki nzima.

Siku ninayoisema kulikuwa na raundi tatu, na Fundi alihitaji tu kumaliza vizuri ili kombe liwe lake. Raundi ya kwanza alishinda. Tulikwenda kukaa nyuma ya gari, mlango wa buti umeinuliwa utupe kivuli, mimi namenya chungwa, Usicheke anapitia picha kwenye kioo cha kamera. Akafika kwenye moja, kidole kikaacha kubonyeza. Nikachungulia. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Boti nzima hewani, pangaboi linadondosha maji, Karatasi mbele macho yamemtoka. Nikaanza kumpongeza.

"Nyamaza," akaniambia. "Tazama mkono."

Akaikuza. Mkono wa Fundi ulikuwa mtupu. Kamba nyekundu ilikuwa imezungushwa kwenye mpini wa injini, na ncha yake imeshindiliwa chini ya utepe.

Akaondoka bila kujifuta. Fundi alikuwa anajaza mafuta kwenye tangi, anaimba. Karatasi alikuwa mbali, kwenye foleni ya maji ya kunywa.

"Hii nini?" Usicheke akamwonyesha.

Fundi akatazama, akacheka. "Aa, dada! Sasa unakagua na mikono?"

"Nimekuuliza hii nini."

"Inanibana nikikata kona. Na mwaka jana si uliona ilivyonifanya? Raundi mbili tu zimebaki."

"Mwanangu yuko mbele yako."

"Mpwa wangu pia." Akaacha kucheka. "Haya, nimekoma. Nitafunga. Naapa kwa mama."

Kwa mama. Hapo Usicheke akalegea. Wala hakumwambia Karatasi. Nilimuuliza kama tusimwambie mtoto, akanijibu kwamba ameshaapiwa, yamekwisha, asimtie mtoto hofu kabla ya mawimbi. Nami nikaufyata. Ningesema zaidi, lakini nilikuwa na chungwa mdomoni na yeye ndiye bosi.

Kabla ya raundi ya pili mkaguzi alipita boti moja moja, kama kawaida, na kila dereva akanyanyua mkono wenye kamba. Fundi akanyanyua wake juu kabisa, akamtazama dada yake pale majini, akamkonyeza. Filimbi ikalia.

Raundi ile Usicheke hakupiga boti hata moja. Aliipuuza pua, akaupuuza mruko, akaifungia lenzi yake ndefu kwenye kitu kimoja tu, mkono wa mdogo wake. Walipotoka kwenye mawimbi ya kwanza nilisikia kamera ikilia mfululizo. Kisha ikanyamaza. Akaishusha, akasimama tu, na wimbi lililokuja nililiitia kwa nguvu zangu zote asisikie. Lilimpita kichwani. Alipoibuka bado alikuwa anatazama kulekule.

Fundi alikuwa anaijua lenzi ya dada yake kwa picha za ukutani, na ukutani hakuna mikono. Hakujua inaona mbali kiasi gani. Baada ya kona ya kwanza tu, palipokuwa mbali na kila jicho, aliifungua kamba na kuichomeka ndani ya glavu, ncha ikining'inia.

Wakamaliza wa pili. Watu wanashangilia. Kombe lilikuwa mkononi, imebaki raundi moja. Usicheke akatoka majini, nguo zinamnata, akapita mbele ya mdogo wake aliyemfungulia mikono amkumbatie, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya mkaguzi. Akaweka kamera juu ya karatasi zake, maji yakatiririka kwenye majina ya washindani.

"Boti namba saba," akasema. "Tazama mkono."

Mkaguzi alivaa miwani, akatazama mara mbili, akamuuliza kama anajua hiyo ni boti ya nani. Akasema anajua, amemlea.

Fundi alifungiwa msimu mzima ujao, leseni ikachukuliwa, na adhabu juu yake: kila shindano atapanda boti ya uokoaji. Hakupiga kelele. Alimwambia dada yake maneno mawili, "Umeniuza wewe," akaanza kuifungua injini yake palepale mchangani.

Lakini aliyemkata maini Usicheke hakuwa huyo. Karatasi alikuja, bado kavaa jaketi la kuokolea, akachukua kamera akazitazama picha zote mbili. Tulidhani atamshukuru mama yake.

"Hii ya kwanza ni ya asubuhi," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo raundi ya pili uliniacha niende, huku unajua."

Karatasi akamrudishia kamera taratibu, akaenda kukaa peke yake kwenye magogo ya kiwanda.

Miezi iliyofuata studio ilikuwa kama nyumba yenye mgonjwa. Karatasi alikuwa anaishi palepale kwao, anamwamkia mama yake, anaosha vyombo, anakwenda kazini, basi. Fundi alikuwa akipita mbele ya duka la viatu anavuka barabara. Majini Usicheke alikuwa anakwenda bado, lakini picha zake zilikuwa na mikono mingi mno, na gazeti linalozinunua halitaki mikono.

Msimu wa adhabu ulipokwisha, asubuhi moja ya katikati ya wiki, pazia la mlango likafunguliwa. Fundi. Kashika fomu. Mtaani kwetu kuna studio mbili nyingine, na moja ina kiyoyozi.

"Nataka za leseni," akasema. "Nne."

Usicheke akamwonyesha kigoda. Fundi akakaa, akatazama mikono yake iliyojaa grisi.

"Karatasi amesema hapandi na mimi mpaka picha ya fomu nije nipigiwe kwako. Na kamba atakuwa ananifunga yeye mwenyewe, kabla hajalala mbele."

"Vizuri."

"Mwezi uliopita tuliitwa kuokoa," Fundi akaendelea, kana kwamba hakusikia. "Dereva karushwa, mwenzake karushwa. Yule wa mbele alikuwa anaelea, na boti iko pale. Pangaboi hatua mbili kutoka kichwani kwake. Limesimama. Kimya kabisa, dada. Kamba ilikuwa mkononi mwa dereva." Akajifuta macho kwa kiwiko, grisi ikabaki shavuni. "Siku ile ningemuua mtoto."

Usicheke alikuwa anarekebisha taa ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Tungemuua," akasema. "Wewe na mimi. Mimi nilijua tangu asubuhi."

Nikajifanya napanga karatasi. Kisha Usicheke akasogea, akachukua pamba na spiriti, akamfuta mdogo wake shavu kwa nguvu kama anasugua sufuria, akamnyoosha kola. Akarudi nyuma ya kamera. Yeye mwenyewe machozi yalikuwa yanamshuka bila aibu, ikabidi ajifute kwanza ndipo aone.

"Angalia hapa," akasema. Lile neno lake la siku zote hakulisema.

Mashine ikatoa, nikachukua mkasi. Kabla ya kukata huwa nasoma masharti ya fomu, maana hizo ofisi hurudisha picha kwa kosa dogo tu. Walikataza kofia, miwani ya jua na kucheka. Macho mekundu hawakuyataja. Nikakata nne.