Gari la Kiwanja cha Sita

Kwa miaka kumi na minne, mgeni yeyote aliyefika katika ile kambi ndogo ya mahema karibu na bahari alipokelewa na Mama Funguo. Jina hilo alipewa kwa sababu ya shada la funguo lililoning'inia kiunoni mwake. Kambi yenyewe haikuwa na makuu: viwanja vinane vilivyozungushiwa mawe ya chokaa, bomba moja la maji, vyoo viwili, bafu la mabati, na miti ya mivinje iliyovuma kutwa kucha. Mwenye kambi alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Ndiye aliyempa kazi, na chumba nyuma ya ofisi, siku alipofiwa na mumewe.

Masikio yalianza kumsaliti taratibu. Lilitangulia la kushoto, la kulia likafuata mkumbo. Hakumwambia mtu. Akiulizwa jambo asilolisikia, aliusingizia upepo, na upepo pale haukosekani. Alijifunza kuangalia midomo na kukisia yaliyobaki, maana wageni wana maswali yale yale: maji yanatoka saa ngapi, choo cha wanawake ni kipi, tunaondoka kesho. Akikwama kabisa aliitikia kwa kichwa, akatabasamu: "Haya, hakuna shida."

Kuna siku mama mmoja alimuuliza habari za ndoo. Mama Funguo akamjibu kwa upole, "Ndoa? Nilishaionja mara moja, mwanangu. Yatosha." Yule mama alicheka hadi akaketi chini, akidhani ni utani. Mama Funguo naye akacheka, kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, akalia. Alijua wakimtambua kuwa kiziwi, kazi imekwenda na chumba kimekwenda.

Ndipo walipokuja dereva mmoja mstaafu wa malori na mkewe. Mume alikuwa ameishi barabarani miaka thelathini, mke akimngoja nyumbani. Sasa alitaka kumfidia kwa siku tano za bahari. Walishuka kwenye basi na hema la kuazima, wakapewa kiwanja cha sita.

Asubuhi ya siku ya tatu, Mama Funguo alikuwa bombani akifua foronya. Dereva akamjia. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na sharubu zake nene zilifunika mdomo wote wa juu, hata midomo haikusomeka. Mama Funguo aliambulia maneno machache tu, "mke wangu" na "gari". Akajisemea, hawa wamekumbuka kwao, wanataka gari la kuwapeleka kituoni kesho. Akaitikia kwa kichwa.

"Haya, baba. Hakuna shida."

Dereva akamshukuru, akarudi hemani mbio mbio. Mama Funguo aliiona ile haraka, akaistaajabia kidogo, akaendelea kufua.

Foronya zilikuwa zimekauka kambani dereva aliporudi. Safari hii alipiga kelele.

"Gari liko wapi?"

"Si mlisema kesho?"

"Kesho? Mama, nimekwambia mke wangu anatapika tangu alfajiri! Ana kisukari! Nimekwambia simu yangu imezima, utuitie gari! Sasa hata hasemi!"

Mama Funguo alikimbia, funguo zikimpigapiga pajani. Ndani ya hema mlikuwa na joto la tanuri. Mwanamke alilala chali, macho nusu wazi, midomo imekauka ikapasuka. Mama Funguo akaitoa simu ya ofisi mfukoni. Hapo mkono ukasita. Mwaka mzima hakuwa ameongea kwenye simu. Alikuwa akituma ujumbe tu. Akamnyooshea dereva simu.

"Piga wewe, baba. Namba ya teksi ni hiyo ya kwanza. Mimi sisikii."

"Husikii nini?"

"Sisikii. Na asubuhi sikukusikia."

Dereva akaichukua simu, akapiga.

Mgonjwa walimbeba na godoro lake mpaka garini. Alilazwa siku kumi na moja. Alipona, lakini polepole na kwa taabu. Daktari alisema angefikishwa mapema, asingeteseka kiasi kile.

Kesho yake dereva alikuja kuchukua vitu. Alikuta hema limekunjwa na vyombo vimeoshwa.

"Umekuwa hivi tangu lini?" aliuliza kwa sauti kubwa.

"Huu mwaka wa tatu."

"Saa mbili nzima namfuta jasho, namwambia jikaze, gari liko njiani." Akavuta pumzi. "Ungeniambia nirudie, Mama. Ningerudia hata mara kumi."

"Niliona aibu."

Dereva hakumtukana. Hakumpa mkono pia.

Jioni ile ile Mama Funguo alimfuata shemeji yake, akamweleza yote kabla hajayapata kwa wengine. Shemeji aliinama akikuna kidevu. Aliyewaka ni mdogo wake: "Dada, watu baki sawa, lakini hata mimi ulinificha? Tumenyonya ziwa moja!" Kisha akalia, wakalia wote. Chumba hakunyang'anywa. Mapokezi alipewa binti wa mdogo wake, Mama Funguo akabaki na usafi. Wageni wakimsemesha, sasa anawaonyesha kidole kule ofisini, na kila mara anahisi amepungua kidogo.

Kila Ijumaa alimwomba binti ampigie dereva amuulizie hali ya mgonjwa. Ijumaa ya kwanza simu haikupokewa, wala ya pili. Ya tatu ilipokewa. Mama Funguo alisimama kando ya meza, macho yamemtoka, akiutazama uso wa binti. Binti akaitua simu, akamsogelea sikio la kulia.

"Anasema jana ametembea hadi mlangoni, peke yake."

"Na nini tena?"

"Basi, Mama Mkubwa. Alikata."

Mama Funguo akachukua ufagio, akaenda kufagia majani ya mivinje kwenye kiwanja cha sita, ambako hakukuwa na mtu.