Sahihi ya Baba na Timu ya Juu

Mpaka leo nikichemsha chai ya mdalasini, mvuke ukishaanza kutoka mdomoni mwa birika, pua yangu hungoja harufu ya pili: harufu ya manyoya ya bata yaliyolowa. Haiji, maana hapa Kihonda sina bata wala manyoya. Lakini naingoja tu, na wakati mwingine chai inafurika jikoni mimi nimesimama na mwiko mkononi.

Nyumbani kwetu Lugala, juu huko kwenye miteremko ya Uluguru, chai na manyoya vilikuwa kazi moja. Tulikuwa tunacheza mpira wa vinyoya, ule wa raketi na wavu. Kinyoya chenyewe ni kizibo kidogo kilichozungushiwa manyoya, na vya dukani vilikuwa havimalizi wiki. Basi tukajifunza kuvitengeneza. Kila mtoto alileta manyoya ya bata wa kwao, tukayachomeka kwenye kizibo, tukayashika kwa utomvu wa fenesi na kuyafunga kwa uzi. Kisha tulikishika kinyoya juu ya mvuke wa birika mpaka manyoya yakanyooka na kukaza. Na kwa kuwa kwetu hakuna chai isiyotiwa mdalasini, vinyoya vyetu vilinukia. Watoto wa Mwembesongo, mjini, walipovishika mara ya kwanza walivinusa na kusema, "Hawa wanacheza na pilau!" Tulikasirika sana siku ile. Leo nacheka.

Aliyetuletea mchezo huo ni Mwalimu Tekla, mwanamke mwembamba kutoka Bukoba, aliyepanda kwetu na sanduku la nguo na raketi sita. Alikuta shule haina hata futi ishirini za ardhi iliyo sawa. Kwetu ukiangusha chungwa, unaliokota kwa jirani. Aliyempa uwanja ni Mjomba Hamisi, kaka mkubwa wa mama yangu, mtu wa maneno machache na nyusi nyingi. Alikuwa na ngazi moja pana ya shamba ambayo alipanda kabichi. Akaivuna, akachukua jembe, akakata ukingo wa mlima mpaka pakawa tambarare, na tangu siku hiyo hakuacha kulalamika. Kila akipita akitukuta tunaruka, alisimama na kusema, "Hapo palikuwa na kabichi." Wavu wetu tuliushona kwa mifuko ya vitunguu, ile myekundu yenye matundu.

Tulikuwa watoto kumi na wanne, tukijiita Timu ya Juu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, mfupi, mkaidi, na shuleni sikuwa na sifa yoyote nyingine. Hesabu zilinishinda, kuimba kulinishinda, hata kufagia Mwalimu alisema nahamisha takataka tu. Lakini pale kwenye ngazi ya Mjomba, raketi mkononi, nilikuwa mtu. Nataka mlijue hilo kwanza, msije mkaona nilivyofanya baadaye kuwa ni utovu wa adabu mtupu.

Siku moja akaja Bwana Michezo. Ana jina lake, lakini sisi tulimwita hivyo, maana ndiyo kazi aliyopewa huko mjini, kusimamia michezo ya vijana. Hakuwa mtu mbaya. Alipanda na raba nyeupe ambazo hadi anafika zilikuwa nyekundu kwa udongo, akanywa maji vikombe vitatu, akatueleza mpango. Timu ya Juu na timu ya Mwembesongo zingeunganishwa ziwe moja. "Bora timu moja yenye nguvu kuliko mbili zinazochechemea," alisema. Mazoezi yangekuwa mjini, kwenye ukumbi, saa kumi jioni, na timu mpya ingekuwa na nafasi kumi.

Hata mimi niliyeshindwa hesabu niliielewa hiyo. Timu mbili zilikuwa na watoto karibu thelathini. Na kutoka Lugala kushuka mjini ni mwendo wa saa mbili, kupanda ni zaidi, na hakuna mama ambaye angemwacha binti yake apande mlima gizani kwa ajili ya kinyoya. Maana yake hakuna hata mmoja wetu ambaye angecheza. Timu ya Juu ilikuwa inakufa, nasi tunaambiwa tupige makofi.

Bwana Michezo alisema anahitaji ridhaa ya wazazi tu. Akatoa karatasi, akawaita baba zetu waliokuwa wamekusanyika. Na hapo, jamani, nikaona jambo lililonikata maini. Wa kwanza kunyanyuka alikuwa baba yangu. Baba alikuwa muuza mdalasini, mpole, mcheshi, mtu wa kumsalimia hata mbuzi. Aliomba kalamu, akatia sahihi yake ndefu yenye mikia, akasema, "Serikali ikisema, sisi ni nani?" Wenzake walipomwona wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Robo saa haikufika. Bwana Michezo akakunja karatasi yake kwa furaha, akasema Jumamosi ijayo atarudi kufunga jambo, akashuka zake.

Nilinuna nikavimba kama andazi. Kwetu mtoto hawezi kuamka asimwamkie baba yake, hilo halipo, kwa hiyo niliendelea kumwamkia, lakini kwa hila. Niliugeukia ukuta, au mlango, au mbuzi, nikasema "shikamoo" nikiwa nimempa mgongo. Baba aliitikia, "Marahaba, Mwanaidi," kwa sauti ile ile ya siku zote. Mama alinitazama kwa jicho kali, Baba akamzuia kwa mkono. Hilo nalo liliniudhi.

Kesho yake ya siku ile ya karatasi, alfajiri, nikakimbilia kwa Bibi, mama yake mama. Nilimkuta amekwishavaa kanga yake ya kutokea na viatu, ingawa haikuwa siku ya msiba wala ya gulio. Juu ya kigoda palikuwa na fungu la mdalasini limefungwa uzi mwekundu. Niliuona ule uzi, na sikuufikiria hata kidogo, kichwa kilikuwa kimejaa hasira.

Nikamwaga yote, machozi na kamasi. Bibi akasikiliza akisaga ugoro wake, kisha akauliza, "Nani katia sahihi?"

"Baba! Na baba zao wote!"

Bibi alicheka mpaka ugoro ukamwagika mapajani. Nikadhani amechanganyikiwa.

"Sasa baba yako anatia sahihi ya nini, mjukuu wangu? Wewe ni wa nani?"

Nikasema mimi ni wa baba na mama.

"Wewe ni wa lukolo," akasema. Ndivyo tunavyouita ukoo kwa Kiluguru. "Ukoo wa mama yako, wangu, wa mama yangu mimi. Shamba unalochezea ni la ukoo. Ukiolewa, anayeulizwa ni mjomba. Ukifa, anayeitwa kwanza ni mjomba. Huyo mgeni wenu kapanda mlima mzima, kaacha mlango, kabisha hodi kwenye dirisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Akajifuta ugoro. "Nendeni mkawaite wajomba. Kila mtoto wa kwake."

Siku tano zilizofuata tulitembea kama wagonjwa wa miguu. Wajomba wa Kiluguru hawakai mahali pamoja. Mmoja yuko kwenye migomba bondeni, mwingine kwenye maharage kule juu mawinguni, mwingine kashuka kuuza ndizi. Kila tuliyemfikia tulimpigia magoti, tukamwamkia, tukaeleza. Mjomba wa Zainabu, rafiki yangu niliyecheza naye jozi, aliuliza kwanza kinyoya ni kitu gani, tukacheza mbele yake kwenye uwanja wa nyumba hadi kuku wakakimbia, ndipo akasema atakuja.

Niliyemwogopa ni wangu. Mjomba Hamisi ndiye aliyekuwa na sababu ya kufurahi timu ikifa, maana angerudishiwa shamba lake. Nilimkuta anapalilia. Nikaeleza nikitazama vidole vyangu vya miguu. Aliendelea kulima mpaka nikamaliza, akalima tena mstari mzima, kisha akajiegemeza kwenye jembe.

"Pale palikuwa na kabichi," akasema.

Nikageuka niondoke.

"Nimekata ule udongo kwa mikono hii. Mgongo uliniuma msimu mzima. Sasa huyo anataka nikapande kabichi tena?" Nyusi zikakutana. "Kabichi anipandie yeye."

Nilishuka ule mlima nikipiga vigelegele peke yangu.

Jumamosi Bwana Michezo alikuja na raba nyingine, na safari hii aliongozana na watoto wa Mwembesongo, ili tufahamiane, alisema. Nahodha wao alikuwa msichana mrefu aitwaye Rehema. Aliniinamia sikioni kabla hata hatujakaa. "Sisi wenyewe hatuutaki huu muungano wenu. Wenzangu kibao wanatemwa, unajua?" Nikashangaa. Kumbe na wao walilia kwao.

Bwana Michezo alisimama, akafungua karatasi, akaanza kushukuru wazazi kwa ushirikiano wao. Hapo ndipo tukasikia miguu. Kwenye njia nyembamba inayotoka juu, wajomba walikuwa wanashuka kwa mstari mmoja, wamevaa kofia safi za kwenda msikitini, wengine na majembe begani kwa sababu walitoka shambani moja kwa moja. Mbele yao Bibi na kanga yake ya kutokea. Nyuma kabisa Mjomba Hamisi. Walipofika hawakuketi kwenye viti. Walikwenda kusimama uwanjani, kwenye ule udongo, kila mmoja nyuma ya mpwa wake. Mkono mzito ukatua begani kwangu.

"Hawa wazee ni akina nani?" Bwana Michezo alimnong'oneza Mwalimu Tekla, lakini sote tulisikia.

"Wenye watoto," Bibi akajibu.

"Lakini, mama yangu, shikamoo, wazazi walishasaini." Akainua karatasi.

"Marahaba, mwanangu. Hao waliosaini ni wakwe zetu. Wameoa kwetu, tunawapenda, wanatulimia vizuri." Baba zetu waliokuwa wamekaa nyuma wakaanza kutazama kucha zao. "Lakini watoto ni wa ukoo wa mama zao, na huo uwanja ulioukanyaga na raba zako ni wa ukoo pia. Kutuuliza hukutuuliza."

Mjomba Hamisi, mtu wa maneno machache, siku hiyo alitoa hotuba ndefu kuliko zote za maisha yake. "Hatukatai wacheze na wa mjini. Waje, tutawapa na mafenesi. Tunakataa watoto wetu kufutwa. Timu ibaki hapa, na ya kwao ibaki kwao."

"Ibaki!" Rehema akapaza sauti, na watoto wa Mwembesongo wote wakaitikia, "Ibaki!" Nasi tukadakia. Mlima nao ukaturudishia.

Bwana Michezo alisimama pale na karatasi yake. Akawatazama wajomba, akatazama majembe, akatazama raba zake. Halafu, namheshimu kwa hilo mpaka leo, akaanza kucheka. Akasema, "Nimefanya kazi ya vijana miaka mingi, sijawahi kuambiwa nimeongea na watu wasio wenyewe." Akaichana ile karatasi vipande viwili, akaomba nyingine, akaandika timu mbili kwa majina mawili, na kila mjomba akaweka dole gumba lake au jina lake.

Tulicheza siku ile ile. Ilikuwa imekaribia saa nne asubuhi, saa ambayo upepo wa Uluguru huamka na kushuka kwenye makorongo. Watoto wa Mwembesongo, waliozoea ukumbi, walipiga juu, kwa nguvu, na upepo ukavipeleka vinyoya kwa jirani. Sisi tulijua. Tulipiga chini, kwa kukata, tukingoja upepo upumue. Mimi na Zainabu tukamfunga Rehema na mwenzake, na pointi ya mwisho nilipiga mimi. Mjomba Hamisi hakupiga makofi. Alisema tu, "Afadhali kuliko kabichi." Mwezi uliofuata tulishuka mjini, ukumbini kwao, wakatufunga kama watoto wadogo. Ikawa hivyo miaka yote, juu tunashinda sisi, chini wanashinda wao, na timu zote mbili zipo mpaka sasa.

Lakini kwa Baba sikulegea. Nilianza tena kumwamkia uso kwa uso baada ya wiki kadhaa, kwa uchovu tu, wala si kwa msamaha. Moyoni nilimweka kwenye orodha ya watu waliotuuza, akakaa humo miaka na miaka.

Mwaka huu amekuja kunitembelea hapa Kihonda. Amezeeka, lakini bado ananiletea mdalasini na bado anaufunga kwa uzi mwekundu. Juzi alinikabidhi fungu jikoni nikichemsha chai, nami nikalishika, na ule uzi ukanirudisha kwenye kigoda cha Bibi. Nikasimama. Nani alimpelekea Bibi mdalasini asubuhi ile, kabla yangu mimi?

"Baba," nikasema, "ile siku ya karatasi. Ulishafika kwa Bibi kabla yangu?"

Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa kitu cha jana. "Usiku ule ule, mwanangu, nikamweleza yote. Ningekataa mbele ya yule bwana, angeuliza, kama si wewe mwenye mtoto, basi ni nani? Angewafuata wajomba mmoja mmoja na maneno yake matamu kabla hawajakutana. Nikasaini haraka, wenzangu wakaelewa wakafuata, akashuka ameridhika. Sahihi yangu kwa watoto wa Lugala ina uzito gani? Nilijua haina. Ndiyo maana niliipamba."

"Na mbona hukuniambia? Nilikuamkia nimekupa mgongo!"

"Ungeambiwa wewe, mlima mzima ungejua kabla ya chakula cha mchana." Akacheka, kisha akaongeza, "Iliniuma. Lakini ulikuwa na timu yako."

Birika lilikuwa limeanza kufurika. Sikulishughulikia. Nilipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya jiko, mtu mzima na watoto wangu wanaangalia, nikamtazama machoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mwanaidi," akasema, kwa sauti ile ile ya siku zote. "Sasa nipe chai, kabla hujaimaliza kwa moto."