Mfalme wa Wajerumani Mbele ya Mlango Wangu

Nyie vijana mtakaosoma haya, someni kimyakimya, na anayetaka kucheka akachekee kwao, maana aibu hii niliibeba mwenyewe mbele ya kigango kizima na sihitaji msaidizi. Naandika kwa sababu mnaisimulia vibaya. Huko Nyakisasa wanasema nilimpiga mfalme kwa fimbo. Sikumpiga. Fimbo niliinua tu.

Tuanze na mkwe. Binti yangu wa mwisho, Editha, ameolewa Nyabusozi, upande wa Biharamulo, na Msukuma anaitwa Masanja, watu wa ng'ombe, wazazi wake walihamia pale kutoka Shinyanga. Si mtu mbaya (hilo nalisema sasa). Ila Editha alipojifungua, hata kitovu cha mtoto hakijakauka, Masanja akaswaga ng'ombe kwenda kutafuta majani na akakaa huko bila kupiga hata simu, mwisho Editha akamfunga mtoto mgongoni akarudi kwangu Keza. Kwetu mwanaume akija kumfuata mke aliyerudi kwao anakuja na wazee wake na pombe ya ndizi, wao wanasema, sisi tunasema, watu wanakunywa, yanaisha. Masanja akaja Ijumaa, peke yake, juu ya pikipiki, mikono mitupu.

Mimi na mkwe hatusemeshani uso kwa uso, hiyo ndiyo heshima yetu, kwa hiyo nikamwambia Editha amwambie akae hapohapo nje ya ua mpaka apatikane mtu mzima wa kumsemea. Nilidhani atampigia baba yake simu. Hakupiga (baba yake alikuwa kitandani anaumwa, nimekuja kulijua hilo baadaye). Akakaa chini. Jioni akaenda kulala senta kwa rafiki yake, asubuhi karudi, kakaa tena palepale.

Sasa nyumba yangu iko njiani, watu wanapita kwenda shamba, wanapita kwenda kisimani, nami ndiye ninayewafundisha wachumba wa kigango mambo ya ndoa, sikutaka isemwe kwamba Bibi Leokadia kamfungia mkwe nje. Nikaagiza nyumba nzima kwamba akiuliza mtu, pikipiki imeharibika. Masanja aliposikia hivyo akafungua tairi la nyuma yeye mwenyewe, akalilaza chini, kila mtu akitokea njiani analishikashika kama anatengeneza. Watu wakampa pole. Jirani yangu Skolastika akamletea spana za marehemu mumewe, na Masanja akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akainama kukaza nati ambayo haikuwa imelegea.

Jumamosi nikiwa napepeta maharage nikawasikia yeye na Editha wanacheka, huyu ndani ya ua, huyu nje, na mtoto anapitishwa juu ya ua wa matete kama kifurushi. Mke alikuwa ameshasamehe. Na mimi hasira yangu niliitafuta asubuhi ile nikaikuta imebaki kidogo sana, lakini nilikuwa nimeshasema, na nikisema nimesema. Jioni Editha akaja kunisimamia mlangoni, haniangalii.

"Mama, Masanja anasema kesho jioni anarudi kwao. Ng'ombe hawana mtu. Akiondoka, harudi tena huku."

Nikamwambia akalale.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya somo wa kigango chetu, yule mtakatifu tunayeitwa kwa jina lake. Nilitoka nyumbani alfajiri kwenda kupika na akina mama wenzangu, nikaacha ua umefungwa. Baada ya misa vijana wa Mwalimu Deo walikuwa na mchezo wa kuigiza, na Mwalimu Deo (kijana wetu huyu, anafundisha shule ya msingi, alisoma chuo mbali) akatangaza kwamba kwanza atatueleza historia ya nyuma ya mchezo ili tusipotee. Hapo ndipo nilipokosea. Nikamwambia Skolastika atangulie kukaa, mimi nabaki na sufuria, maana hotuba za walimu nazijua, zinaanza na "kwa ufupi" halafu jua linazama. Nikakoroga maharage yaliyokuwa yameshaiva. Niliposikia watu wamenyamaza nikajua hotuba imekwisha, nikafuta mikono, nikaenda kukaa nyuma.

Nikaona mlango wangu.

Ulikuwa umesimamishwa katikati ya uwanja, ule mlango wa ua wangu, wa matete, nilioutia kiraka cha dumu la njano kwa mkono wangu. Nje ya mlango kapiga magoti kijana, kavaa gunia la kahawa, hana viatu, chini wamemwaga majivu meupe. Ndani ya mlango kakaa mtu kajifunika shuka jeupe mpaka kichwani, kakunja uso, fimbo mkononi, anatikisa kichwa kukataa. Mimi natembea na fimbo. Mimi kila Jumapili najifunga kitambaa cheupe. Halafu akatokea binti mmoja, anambembeleza yule mwenye fimbo amhurumie aliye nje, na mwenye fimbo hasikii. Nikasema moyoni, haya, huyo ni Editha. Wamekwenda kumhoji binti yangu, wamechukua na mlango, wamekuja kunianika.

Msimulizi akasema kwa huzuni nyingi, "Siku tatu yuko nje, miguu mitupu, hana chakula, na mlango haufunguliwi."

Nikasimama.

"Siku mbili! Leo ndiyo ya tatu na haijaisha. Na viatu anavyo, na uji anapelekewa, tena wa maziwa, mnadhani sijui Editha anaupitishia wapi?"

Watu wakacheka wakapiga makofi. Walidhani nami nimo kwenye mchezo (Mwalimu Deo mwenyewe alibaki kaduwaa na karatasi zake), ila mimi nikaona wananidhihaki, kwa hiyo nikazidi, nikasonga mbele katikati ya watoto waliokaa chini, nikasema ndiyo, nimemweka mkwe wangu nje, na pikipiki ni nzima, tairi limefunguliwa kwa makusudi, na mtu mwenye neno aje alisemee nyumbani kwangu asiniibie mlango. Hapo ndipo fimbo ilipoinuka. Yule kijana wa gunia akatoka kwenye majivu, akainama, akaniamkia, shikamoo Bibi. Nikaitika marahaba, nikamwambia akavae viatu.

Makofi yakaisha. Wakaanza kutazamana. Kisha nikamsikia Skolastika, na wala hakupaza sauti.

"Mama Editha, kwa hiyo spana za marehemu zimekuwa zinakaza nini?"

Nikaishusha fimbo. 

Mwalimu Deo akanishika mkono taratibu, akanipeleka nyuma ya jiko, akanipa kigoda, akanieleza upya yale niliyoyakimbia. Nami nawaeleza nilivyoelewa, na sijaelewa yote. Zamani sana, kabla ya mababu wa mababu zetu, Wajerumani walikuwa na mfalme, akagombana na Baba Mtakatifu kuhusu nani wa kuwasimika maaskofu. Baba Mtakatifu akamtenga na Kanisa, na watu wake wakaambiwa hawana haja ya kumtii tena. Mfalme akaona ufalme unaondoka, akavuka milima wakati wa baridi kali pamoja na mke wake na mtoto mchanga, akafika kwenye ngome ya mama mmoja mkubwa kule Italia ambako Baba Mtakatifu alikuwa amekaa (nikamuuliza ngome kama lile boma la Wajerumani pale Biharamulo, akasema kubwa kuliko lile na iko juu ya mwamba). Akasimama nje siku tatu, kavaa nguo ya toba, miguu mitupu, kwenye barafu. Yale majivu ndiyo barafu. Yule binti ni mwenye ngome, alimwombea mpaka akafunguliwa.

"Na yule wa shuka na fimbo?" nikamuuliza.

"Yule ndiye Baba Mtakatifu, Bibi."

Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimejiona mimi.

Nikataka kujua kama baada ya kufunguliwa walipatana. Akasema walipatana kidogo, halafu wakagombana tena, na miaka ikapita mfalme akaja na jeshi, na Baba Mtakatifu akafia ugenini. Sasa hapo, nikamwambia, mnatufundisha nini, tufungue au tusifungue? Deo akacheka, akasema lakini Bibi, hiyo uliyoiona ikiigizwa ni historia ya nyuma tu, mchezo wenyewe ulikuwa haujaanza. Mchezo aliutoa kwa Mwitaliano mmoja, unamhusu tajiri wa siku za karibuni aliyejivika nguo za mfalme huyo kwenye maonyesho ya farasi, akaanguka, akaumia kichwa, alipoamka akawa anaamini kweli yeye ndiye mfalme. Watu wa nyumbani wakamkubalia, wakavaa nguo za zamani, wakamwinamia miaka na miaka. Nikasema maskini, na hakupona?

"Alipona, Bibi. Akili ilirudi zamani. Akaendelea tu kuwa mfalme, maana hakujua atatokaje humo, na watu wote wameshazoea."

Kichwa changu kilikuwa kimechoka na hao watu, mfalme ambaye si mfalme, mwendawazimu ambaye haumwi, sikujua nimhurumie yupi. Lakini akilini nikaliona lile tairi lililolazwa chini kule nyumbani. Nikamwona Masanja anakaza nati, na Editha anawaambia wapita njia pikipiki imeharibika, nyumba yangu yote inaigiza kwa sababu ya hasira ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaipoteza. Nikanyanyuka. Chakula sikula.

Njiani nilikwenda mbio kuliko miguu yangu inavyotaka, maana pikipiki za senta zilikuwa zimeshanipita, na maneno yanapanda pikipiki. Nikajua kama Masanja kaambiwa nilivyomtangaza uwanjani, ameondoka, na Editha atazeekea kwangu na mtoto asiyemjua baba yake.

Nilipopinda kwenye migomba nikaiona pikipiki. Tairi limerudishwa mahali pake, mzigo umefungwa nyuma. Kwenye ua, mahali pa mlango palikuwa wazi, maana Editha aliwapa vijana ule mlango asubuhi bila hata kuuliza ni wa nini. Mbuzi wameingia, kuku wametoka. Na Masanja amekaa nje, upande wake uleule, mbele ya uwazi ambao hakuna wa kumzuia, kofia kaishika mkononi, anangoja aambiwe apite.

Aliponiona akageuza uso, nami nikavuta kanga nikajifunika, kama inavyotakiwa kwa mtu na mkwe wake. Nikapita karibu naye bila neno, nikaingia mpaka katikati ya ua, nikaita wote, nikasema kwa sauti ambayo mtu aliye nje angeisikia:

"Mlango ule ukirudi kutoka kigangoni upasueni kuni. Editha, mchemshie mwenzio maji ya kuoga, ale ndani. Na spana za Skolastika zirudishwe leo hii, na asizirudishe mwingine ila mimi."