Buibui wa Kochi Jekundu

Mtaa mzima ulimwita Mama Dawa, na jina hilo hakupewa bure. Jikoni kwake kulikuwa na rafu ya mbao ambayo mumewe, fundi wa makochi, aliipigilia ukutani walipooana ili aweke vikombe. Vikombe havikuwahi kuiona. Rafu ilijaa mitungi ya manjano, asali, siki, tangawizi na mkaa uliotwangwa, na vitunguu saumu vikaning'inia kwa uzi wa kushonea makochi. Nje ya dirisha, ndani ya kopo la rangi, ulikaa mshubiri uliokatwa majani hadi ukafanana na kuku aliyenyonyolewa. Mtoto wa jirani akikohoa, aliletwa kwake. Mtu akiungua na mafuta, alikuja mbio kwake ameinua mkono juu. Na Mama Dawa, aliyeacha shule mapema na ambaye hakuna kingine alichowahi kusifiwa kwacho duniani, alifungua mtungi kwa madaha kama anafungua bunge.

Basi siku fundi alipopiga ukelele karakanani, yeye ndiye aliyefika wa kwanza, mwiko ungali mkononi.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Katikati palikuwa na kochi jekundu la watu, kuukuu, lililosahauliwa stoo miaka mingi kabla mwenyewe hajalikumbuka. Fundi alikuwa ameutumbukiza mkono wa kulia hadi kiwiko kwenye ule mwanya wa kati ya kikalio na mgongo wa kochi. Ndivyo wanavyoshona. Sindano ya makochi ni ndefu na imepinda; unaisukuma kutoka nje kwa mkono mmoja, unaipokea ndani kwa mwingine, gizani, kwa kupapasa. Safari hii ilikwama kwenye mbao. Akaivuta kwa nguvu, akasikia kitu kimemchoma chini ya kidole gumba, akauchomoa mkono upesi. Juu ya mkono huo, akitembea kwa raha zake, alikuwepo buibui mweusi mwenye miguu mirefu.

"Kaniuma!" fundi alisema. "Huyu mshenzi kaniuma!"

Buibui hakupewa nafasi ya kujitetea. Nyundo ilimshukia mpaka pakabaki doa tu kwenye sakafu.

Ukimuuliza fundi yeyote wa makochi atakwambia kwamba kuchomwa sindano si habari. Inamchoma asubuhi, inamchoma tena mchana, analamba damu, anaendelea na kazi. Hata kuitaja ni aibu, kama mpishi kulalamika kwamba moshi unamwingia machoni. Kwa hiyo fundi hakuifikiria sindano hata kidogo, na mkewe aliyeishi na sindano hizo tangu siku ya ndoa hakuifikiria pia. Maumivu haya yalikuwa na ukali mgeni, na buibui alikuwepo. Kesi ikafungwa hapo hapo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama Dawa alisema huku akimkalisha kwenye kigoda. "Nimekwambia mara ngapi uyakung'ute makochi ya watu kabla hujayaingiza ndani? Lete mkono."

Alimwosha kwa sabuni, akamwekea kitambaa cha maji baridi, kisha akakoroga manjano kwa asali mpaka yakawa uji mzito, akabandika. Alifunga kwa kipande cha shuka safi. Ili kisifunguke, akaona akishone. Akaichukua sindano iliyokuwa ikining'inia kwenye kochi na uzi wake. Haikupenya kitambaa. Akajaribu tena, ikateleza.

"Sindano gani hii, butu kama jembe la mvivu?"

"Usinitukanie vifaa vyangu," fundi alisema, na wote wawili wakacheka. Mama Dawa akaukata uzi, akaitupa sindano kwenye kopo lake, akachukua nyingine.

Mwanzoni mkono ulitulia. Fundi alilala vizuri, na asubuhi yake Mama Dawa aliwahadithia majirani wawili na muuza maziwa. Lakini uvimbe ukarudi, na safari hii ulirudi na mizigo yake, ishara kwamba umekuja kukaa. Gumba likaiva na kung'aa. Wifi yake, dada mkubwa wa fundi, akapita kuwatazama akitoka kazini. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa sauti kubwa aliyezoea kulisha mamia bila kubembeleza hata mmoja. Akaufungua mkono, akausogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Mbona tundu moja?" aliuliza. "Buibui si ana meno mawili?"

"Labda alikuwa kibogoyo," Mama Dawa alijibu.

Walicheka mpaka fundi akashika mkono wake kwa maumivu. Ndicho kicheko cha mwisho kusikika katika nyumba ile kwa muda mrefu.

"Cheka, wifi," dada mtu alisema akijifuta machozi, "lakini huo ni mkono wa kaka yangu, si sufuria. Mpelekeni hospitali."

Fundi akakataa hata kabla hajamaliza. Na alikuwa na sababu. Baba yao aliingia hospitali na kidonda cha mguu, akatoka na mguu mmoja na gongo la kutembelea, na hakuishi sana na gongo lile. Dada mtu alikuwa ameolewa mbali wakati huo. Fundi ndiye aliyekuwa akimshika mzee mkono. Alipoondoka dada, alimgeukia mkewe.

"Niapie hutanipeleka. Wale wana kisu tu. Wewe una dawa."

"Naapa," Mama Dawa alisema.

Tuseme ukweli, aliapa kwa furaha. Mtaa ulikuwa umemwamini kwa mafua na michubuko, lakini mume wake alikuwa anamwamini kwa mkono wake wa kulia, ule unaowalisha wote wawili. Nani angeikataa heshima hiyo? Akaenda jikoni amenyooka, akashusha mitungi yote.

Alikuwa na imani moja aliyorithi kwa bibi yake: sumu ikishaingia mwilini huganda, na dawa ya kuganda ni kukanda. Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni alichovya kitambaa kwenye maji ya moto yenye chumvi na tangawizi, akamkanda fundi chini ya gumba, akikandamiza kwa nguvu zote za mikono iliyozoea kukanda unga. Fundi aliuma mto. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

"Vumilia, mume wangu. Ikiuma ndiyo inatoka."

Haikutoka. Alibandika kitunguu saumu, ngozi ikaungua. Alibandika mkaa, mkono ukawa mweusi na usaha ukawa mweupe juu yake. Alikata jani la mwisho la mshubiri, kopo likabaki na kisiki. Akaanza kuuliza watu, yeye aliyekuwa akiulizwa. Mmoja akamwambia viazi vibichi, mwingine akamwambia siki, fundi viatu wa kona akamwambia barafu, halafu akabadili mawazo akamwambia moto. Vyote alivifanya. Mfa maji haachi kutapatapa, na Mama Dawa alishika kila kilichoelea. Jirani alipomleta mtoto mwenye kikohozi, alimfokea mlangoni: "Sina dawa! Nani kakwambia mimi nina dawa?" Kisha akafunga mlango na kuuegemea kwa mgongo.

Aliogopa. Aliogopa mkono, aliogopa harufu iliyoanza kutoka kwenye kitambaa kila anapokifungua, na zaidi ya yote aliogopa wifi yake. Dada mtu alipobisha hodi, alimwambia dirishani kwamba mgonjwa amelala, anaendelea vizuri. Mgonjwa alikuwa macho kitandani, akimsikia akidanganya, na akamshukuru kwa kichwa. Hilo lilimuumiza Mama Dawa kuliko kama angemkemea.

Kisha ukaja mstari mwekundu. Ulianzia kwenye kifundo cha mkono, ukapanda taratibu kuelekea kiwiko, mwembamba kama uzi. Mama Dawa alikuwa hajawahi kuuona, wala hakuna mtungi kwenye rafu uliowahi kuandaliwa kwa ajili yake. Mchana huo fundi akashikwa na homa, akaanza kuzungumza na baba yake. Alimwambia mzee asiwe na wasiwasi, kochi jekundu liko karibu kwisha. Mkono mzima ukawa unashona hewani, unachoma, unavuta, unachoma, unavuta. Ule mbovu ulilala juu ya shuka umejaa kama mkate, haukushiriki.

Alisimama katikati ya chumba na bakuli la manjano mikononi. Kama angemkanda tena? Kama angeongeza chumvi? Alikuwa ameapa. Angewezaje kumpeleka kwenye kisu mtu aliyemwapia, tena akiwa hajitambui hata kukataa? Akamtazama, akaona midomo yake imekauka na kupasuka, akajua kwamba kiapo chake kinamuua. Aliweka bakuli sakafuni, akatoka mbio bila viatu mpaka kwenye jiko la shule, mahali wifi yake alipokuwa akipakua chakula.

"Wifi, nimemwua kaka yako," alisema.

Dada mtu alimtupia mwenzake upawa, na kabla chakula hakijapoa teksi ilikuwa mlangoni, wanawake wawili wakimshikilia fundi kwenye kiti cha nyuma.

Hospitali walimpiga picha ya mkono. Daktari, msichana ambaye angeweza kuwa binti yake, alimwita Mama Dawa kwenye chumba kidogo akamwonyesha kwenye kioo. Mifupa ilionekana, myeupe na myembamba. Na kati ya mifupa, chini ya gumba, palikuwa na kitu cheupe kuliko mifupa, kifupi, kilichopinda kidogo.

"Mume wako anafanya kazi gani, mama?"

"Anashona makochi."

"Basi buibui wenu ni wa chuma. Hii ni ncha ya sindano. Imekatikia ndani." Akakitazama kioo tena. "Lakini imezama sana. Ingekuwa karibu na ngozi tungeitoa kirahisi siku ile ile. Mlikuwa mnaukanda mkono huu?"

Mama Dawa aliangalia mikono yake mwenyewe. Aliikumbuka sindano ile iliyoteleza kwenye kitambaa, butu, isiyo na ncha. Aliishika kwa vidole hivi hivi. Aliitukana, akaitupa koponi, akafunga kitambaa juu ya ncha yake.

"Ni mimi," alisema. "Nilimkanda mimi. Kwa nguvu."

Daktari hakumgombeza. Angemgombeza, pengine ingekuwa nafuu. Alimwomba tu akae nje, kwa sababu kazi ilikuwa imekuwa kubwa.

Kwenye benchi la korido, alimweleza wifi yake kila kitu, bila kupunguza. Alisubiri ile sauti kubwa ije imbomoe mbele za watu. Dada mtu alifungua na kufunga kifungo cha aproni ambayo alikuwa bado hajaivua.

"Tundu moja," alisema mwishowe. "Niliona kwa macho yangu, halafu nikacheka. Na mimi nilicheka, wifi."

Wakashikana mikono, wakangoja.

Daktari alitoka amechoka. Mkono wameuokoa, alisema, na mtu mwenyewe wamemuokoa. Gumba, hapana.

Fundi alipozinduka vizuri, mkewe alikuwa pembeni ya kitanda. Bandeji ilikuwa kubwa, nyeupe, imefungwa na watu wanaojua kufunga. Mumewe aliitazama kwa muda mrefu, akaona pale pa gumba ambapo haikunyanyuka. Fundi hahitaji kuambiwa kipimo.

"Sumu imetoka?" aliuliza.

Hapo Mama Dawa alipata nafasi yake. Buibui alikuwa amekufa, hana ndugu wa kumtetea, na angeweza kubeba lawama hiyo daima. Hata dada mtu, aliyesimama mlangoni, aligeuza uso ili asiwe shahidi.

"Haikuwa buibui," Mama Dawa alisema. "Ilikuwa ncha ya sindano yako. Ile iliyokwama. Niliishika, nikaiona butu, nikaitupa. Halafu nikakukanda juu yake kila siku, nikaisukuma ndani. Na nilivunja kiapo nikakuleta hapa."

Fundi alifumba macho. Mashine ya mgonjwa wa jirani ililia, muuguzi akaja akainyamazisha, akaondoka. Mama Dawa alingoja afukuzwe. Alikuwa amejiandaa kuinuka.

"Kochi la watu bado liko wazi," fundi alisema, macho yamefumbwa.

"Nitalishona mimi. Utakaa kwenye kigoda, utanielekeza."

"Utaingiza mkono ndani, gizani?"

"Nitauingiza."

Machozi yalimtoka fundi pembeni ya macho, yakashuka masikioni, na hakuwa na mkono wa karibu wa kuyafuta. Mkewe akayafuta kwa upindo wa nguo yake.

"Basi sikiliza," fundi alimwambia. "Kila ukiitoa sindano kwenye kochi, kabla hujafanya kitu kingine chochote, ipeleke kwenye mwanga. Angalia ncha."

"Nitaangalia."

"Angalia ncha, mke wangu," fundi alirudia, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mwanafunzi wake siku ya kwanza, na Mama Dawa akalaza kichwa chake kando ya ile bandeji, akalia mpaka muuguzi akarudi.