Shati la Kumi

"Nilikwambia ulichome," mama alisema. "Nilikwambia siku ileile."

"Dobi hachomi nguo," bibi akajibu. "Labda kwa pasi, na hapo ataomba radhi."

"Basi liko wapi?"

Bibi akainama, akatazama tena chini ya meza. Walikuwa wamepindua vikapu vyote vitatu, shuka za watu zimetapakaa sakafuni, na shati la mjomba halikuwemo.

Sisi tulikuwa madobi, wajukuu zangu. Bibi yangu aliweza kutoa doa la wino kabla hata wino haujamwagika. Wale wageni wenye bunduki walipouteka mji wetu, walichukua shule wakaifanya kambi, wakachukua daraja, kisha wakatuletea nguo zao chafu. Mjomba, kitinda mimba wa bibi, walimchukua akawavunjie kokoto. Siku ya tisa akatoroka, akaingia kwa mlango wa uani, na tangu hapo makao yake yakawa nyuma ya pipa la kuchemshia nguo, ndani ya rundo la shuka. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wetu wenyewe: mtoro atapigwa risasi, pamoja na waliomficha. Mimi sikujua kusoma. Mama alinisomea mara moja, na mara moja ilitosha.

Shati lake la kifungoni lilikuwa la rangi ileile ya mashati ya askari, ila ndani ya kola palikuwa na namba ya mfungwa. Mama alisema lichomwe. Bibi akalifua, akalipiga pasi.

"Kitambaa kizuri kile," bibi alisema, sauti imemshuka. "Nilitaka kuifuta namba, apate la kuvaa akiondoka."

"Atavaa kaburini."

"Punguzeni sauti," mjomba alisema kutoka kwenye rundo. "Mnanizika nami ningali hai, tena kwa shuka za watu."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kikapu, umri wangu miaka minane, na hofu iliyonishika, mkitaka mwamini, hata kivuli changu ukutani kilitetemeka kabla yangu. Shati nilijua lilipo.

Kazi yangu ilikuwa kukunja. Mkubwa wa kambi, ambaye tulimwita Kisigino kwa namna alivyoitwanga ardhi akitembea, alileta mashati kumi kila juma. Juma moja lilipungua moja, akampiga mama kofi ambalo mimi nililisikia kwenye meno yangu. Sasa asubuhi hiyo nikakunja, nikahesabu kwa vidole: tisa. Nikarudia, kidole kimoja kikabaki kimesimama peke yake. Juu ya meza ya pasi palikuwa na shati la rangi ileile. Nikalikunja, nikafunga bunda, kuruta wake akaja akalichukua.

"Nani alifunga bunda la Kisigino?" mama akauliza polepole.

"Mimi, mama. Yalikuwa tisa. Nikajazia."

Mama akashika ukingo wa meza. "Juma hili alileta tisa, mwanangu. Tisa tu."

"Sijasikia dobi aliyeshtakiwa kwa kuzidisha," bibi akasema. "Labda hatahesabu."

"Yule? Yule anahesabu punje za chumvi."

Rundo likatikisika. Mjomba akatoka, jasho linamtiririka, soksi ya mtu imemnata begani.

"Napita uani," akasema. "Wakinikamata nje, nimekufa peke yangu. Wakinikuta humu, tumekufa wanne."

Bibi akamdaka mkono. "Mchana kweupe huu? Huendi popote."

"Mama, niachie."

"Nikuachie uende wapi? Hata viatu huna, na kule nyuma wamesimamisha..."

Mlango wa mbele ukasukumwa. Kisigino akaingia, bunda letu kwapani, kamba yake imefunguliwa.