Mkono wa Bana Chola

Wanaume wa zamu ya asubuhi walikuwa na utani wao juu ya Mutale Kabaso: eti mwamba ukimwona anakuja hujipanga wenyewe kwenye kijiko. Alikuwa mjane mnene, mkimya, mama wa binti aitwaye Chola, na kwa hiyo mtaani na chini ya ardhi vilevile alikuwa Bana Chola. Aliendesha mtambo wa kupakia, dude refu lililobapaa, lenye kijiko mbele ambacho mtu mzima angeweza kulala ndani akajinyoosha. Baruti zikishalipuka na moshi kutoka, yeye aliingia kwenye njia ya chini kwa chini, akachota mawe ya shaba na kwenda kuyamwaga kwenye shimo la kushushia.

Mtazamaji hudhani hiyo ni kazi ya injini tu. Thubutu! Lundo la mawe lina tabia zake. Ukilivamia kwa pupa, magurudumu yanateleza na mipira inachanika. Ukilibembeleza mno, unatoka na nusu kijiko. Inabidi uingie, usikie uzito makalioni kabla hujauona kwa macho, uinue, ukunje kijiko, uachie kidogo, ukunje tena. Hayo alifundishwa na dereva aliyemtangulia kazini, Ba Kapasa, enzi zile wanaume wengine wakiapa kwamba mwanamke akishuka mgodini shaba hukimbia.

"Ikikimbia, mimi na yeye tutaifuata," Kapasa aliwajibu. "Nyinyi bakini na wake zenu mkapike."

Tangu hapo alimwita mwanangu, ingawa alimzidi miaka michache tu.

Kisha paa la njia moja likamwangukia Nsofwa, dereva mwenzao. Walipomfukua walimkuta bado kashika usukani. Siku ya mazishi Bana Chola ndiye aliyempakata mama yake Nsofwa, na uzito wa bibi yule haukumtoka mikononi.

Ndiyo maana injinia Sikota alipokuja na habari zake, maneno yalimwingia.

"Tunataka mtambo ujichotee wenyewe," Sikota aliwaambia madereva. "Mtu akae juu kwenye kiti, anywe chai yake. Paa likianguka, liangukie chuma."

"Na sisi wenye chuma?" Kapasa akauliza.

"Hakuna atakayeachishwa kazi, mzee. Mtahamia juu."

"Huko juu kuna viti vingapi?"

Sikota akacheka, kana kwamba ametaniwa.

Walimtaka Kapasa kwanza, ili mtambo ujifunze kwake. Akakataa katakata. "Mimi nimefundisha watu. Mtu ukimfundisha, Krismasi anakuletea kuku. Hilo dude litaniletea nini?"

Watu wakavunjika mbavu. Bana Chola hakucheka. Alikubali yeye. Tena kwenye mkutano wa chama cha wafanyakazi, yeye ambaye huwa hasemi, alisimama akauliza, "Nani anataka awe Nsofwa wa pili? Anyooshe mkono." Hakuna mkono ulioinuka, na jambo likapita.

Mtambo wake ukafungwa vidude vya kupimia, kwenye mikono ya chuma, kwenye magurudumu, hata chini ya kiti. Kila alivyosukuma, kila alivyosita, vilinasa. Mtambo ulipoanza kujaribu peke yake ulikuwa kichekesho. Ulilipiga lundo kama fahali kipofu, ukakwama, ukatoka na vumbi, na wanaume wakaupigia makofi ya kejeli. Bana Chola akarudi kwenye kiti, akachota tena na tena, nao ukajifunza. Mvua zilipokatika, asubuhi moja uliingia kwenye lundo taratibu, ukainua, ukakunja, ukaachia kidogo, ukakunja tena. Ukatoka umejaa pomoni.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Dereva mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, huyo ni Bana Chola mtupu. Bado kukohoa tu."

Naye, akiwa kasimama nyuma ya kamba, alifurahi. Alifurahi kama siku Chola aliposimama dede.

Majina ya walioachishwa yalisomwa langoni, jua likiwa utosini. Madereva wengine wa kupakia walikwenda wote, Kapasa akiwemo, karibu kabisa na kustaafu. Viti vya juu vilikuwa vitatu, na kimoja kilikuwa cha Bana Chola. Sikota alikuwa ameshahamishiwa mgodi mwingine.

Kapasa alimfuata akampa mkono. "Hongera, mwanangu."

Heri angemtukana. "Ba Kapasa, waliniahidi..."

"Walituahidi sote. Ila sisi hatukusimama mkutanoni."

Mtaa ukamgeuka. Kanisani akina mama wa kwaya walisogea akikaa, wakasogea hadi benchi likamwachia nafasi ya watu wanne. Sokoni muuza dagaa wa kapenta alimwambia, "We mama, si uutume mtambo wako uje ununue?" Na asubuhi moja alifungua mlango akakuta mtu amemwaga lundo la kokoto kizingitini, koleo limechomekwa juu. Hakumwita mtu. Alilizoa mwenyewe, majirani wakichungulia nyuma ya mapazia.

Kazini aliketi mbele ya vioo vya kamera, akitazama mkono wake mwenyewe ukifanya kazi bila yeye. Siku moja, kabla ya saa ya chakula, picha kwenye kioo ilitikisika, ikajaa vumbi, ikazimika. Paa lilikuwa limeshuka na kuufukia mtambo. Watu chumbani wakashika vichwa, kisha mmoja akapiga makofi na wengine wakamfuata: hakuna aliyeumia! Meneja akaagiza soda. Bana Chola yake ilimshinda kunywa. Ilikuwa njia ya Kapasa, zamu ya Kapasa.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mtoni Kafue, ambako alisikia mzee anapakia mchanga kwenye malori ya wajenzi. Akamkuta kweli, kifua wazi, mbavu zinahesabika, akirusha mchanga kwa koleo.

"Ba Kapasa, paa limeanguka leo. Njia yako."

Mzee akaegemea koleo. "Mtambo?"

"Umefukiwa wote."

"Wape pole."

"Ungekuwa wewe, mzee wangu."

"Ningekuwa mimi." Akakohoa, akatema pembeni. "Wangekuja na bendi, Bana Chola. Wangeweka kofia yangu juu ya jeneza, mke wangu akaitwa mjane wa mgodi. Sasa nakufa hivihivi, kwa koleo, na hakuna anayeona. Umeniokoa, sawa. Nani alikutuma?"

Dereva wa lori akapiga honi. Bana Chola aliokota koleo jingine akachota mchanga.

"Weka chini!" Kapasa akafoka. "Hata hii nayo utawafundisha?"

Wapakiaji wakaangua kicheko, kisha wakarudia makoleo yao walipoona mama yule analia wazi, bila kujifuta. Akaliweka koleo chini, akapanda kilima kwa miguu.

Jumatatu alikuwa kitini. Chola alikuwa bado chuoni Ndola, na kiti kile ndicho kilichokuwa kikimsomesha. Mtambo mpya ulipoletwa ulipewa mkono uleule, ukaanza kuchota siku hiyohiyo.

Kapasa alifariki kabla ya mvua nyingine, kwa kifua cha vumbi. Bana Chola alipika ubwali na maharage, akabeba sufuria kichwani hadi msibani, akakaa na wanawake jikoni. Hawakumfukuza. Chakula kilipopakuliwa, sahani zilijazwa kutoka kwenye sufuria zote isipokuwa yake. Mjane wa Kapasa peke yake ndiye aliyeisogelea. Akamega tonge moja kwa adabu, akalimeza, akanawa mikono.